Njia Niliyoichora Mikandaani

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake habari za safari yangu ya Lamu, na kila mmoja nimemjibu kwamba nilichoka tu. Mary aliniuliza kwenye mazoezi ya kwaya, Mama Kiprono aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya maji, na jirani wa ghorofa ya chini alitaka kujua kama nilipiga picha na punda. Naona heri niandike mara moja nimalize. Tena kuna sehemu ya mwisho ambayo siwezi kuisema kwa mdomo bila sauti kunikatikia, na sipendi kulia mbele ya watu.

Kazi yangu mnaijua nusu nusu. Nakaa mbele ya kompyuta hapa Nakuru, natazama picha za ardhi zilizopigwa na setilaiti, nachora juu yake barabara, visima, shule na mito. Kompyuta huhifadhi michoro hiyo pamoja na majina na hesabu zake, na mtu wa ofisini akiuliza shule ipi iko karibu na ipi, inamjibu kabla hajaweka kikombe chini. Nilipoanza kazi hii ilikuwa ya karatasi kubwa, kalamu ya wino, na wembe wa kukwangua pale ulipokosea. Karatasi iliyokwanguliwa ilibaki na doa, na mkubwa wako aliliona akakuuliza. Siku hizi hakuna doa.

Mwaka jana ofisi moja ya elimu ilitupa kazi ya kuchora njia za miguu kati ya shule ndogo za pwani ya kaskazini. Ilitaka kujua zipi ziko karibu kiasi cha kuunganishwa. Kuunganishwa maana yake ndogo inafungwa, na watoto wake wanatembea hadi ile kubwa. Shule ya Mikandaani, kisiwani Pate, ikatokea kwenye orodha ya pili ya shule za kuunganishwa, kilomita moja na robo kutoka shule ya Mchangani. Kisha ikaja barua ya mwalimu mkuu wake, Bi Khadija, na ndani yake ukurasa uliochanwa kwenye daftari la hesabu. Alikuwa amechora ramani nne kwa kalamu ya risasi. Zote zilikuwa za mahali pamoja, vijiji viwili na hori katikati, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Katika ya kwanza hori ilikuwa mstari mwembamba, katika ya nne ilikuwa pana kuliko kijiji. Pembeni aliandika saa na siku za mwezi.

Nilicheka, nakiri. Nilimwonyesha mwenzangu wa dawati la pili, naye akacheka. Mkubwa wetu hakucheka. Alisema orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ile saa sita mchana, mtu aende akaone kwa macho, na akanitazama mimi.

Njia ile niliichora mimi. Hilo sikulitaja kwenye basi, wala kwenye boti, wala kwa Bi Khadija nilipomwona mara ya kwanza.

Nakuru hadi Mokowe

Siku mbili za basi nitazifupisha, kwa sababu hata mimi sizikumbuki zote. Kutoka Mombasa nilikaa na Bwana Kamau, mkulima wa makamo aliyehamia Mpeketoni na wazazi wake akiwa mtoto. Alikuwa na miche ya machungwa miguuni, imefungwa kwenye magunia yenye maji, na maji yale yaliingia kwenye viatu vyangu kuanzia Kilifi.

Kabla ya Witu tairi likapasuka. Tukashuka, tukakaa kando ya barabara saa tatu nzima tukisubiri jeki, maana ile ya basi ilikuwa imeazimwa na basi jingine. Jua lilikuwa kali na mti wa karibu ulikuwa na siafu. Kupoteza wakati nilimwonyesha Bwana Kamau ramani kwenye tableti yangu. Akataka kuona shamba lake. Nikalitafuta, nikalipata, nikalivuta karibu.

"Hapana, hii si yangu," akasema.

"Ndiyo hii. Tazama kona ya barabara, tazama kisima."

"Kisima ni changu. Nyumba si yangu. Hii ni ya makuti. Mimi niko na mabati."

Nikamweleza kwamba picha ni ya zamani kidogo. Akauliza ni nani anayeitazama picha ile huko maofisini. Nikasema watu wengi. Aliudhika kweli, kwamba watu wote hao wanadhani bado analala chini ya makuti. Hakusema nami tena mpaka aliposhuka, lakini aliniachia chungwa moja kwenye kiti. Nililila Mokowe nikisubiri boti ya kuvuka kwenda Lamu mjini, na ndicho chakula changu cha jioni, kwa sababu nilipofika chumbani sikuwa na nguvu za kushuka ngazi tena.

Lamu hadi Mtangawanda

Jumatano asubuhi nilikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, nikawa jetini saa mbili kasorobo. Boti ya Mtangawanda, iliko jeti ya kisiwa cha Pate, ilikuwa iondoke saa mbili. Saa mbili nahodha akasema tunamngoja mtu na kochi lake. Nikadhani anatania.

Kochi lilikuja saa tatu na nusu juu ya mkokoteni, jekundu, bado limevikwa nailoni, la harusi ya mtu huko Siyu. Kulipakia kulichukua wanaume sita na ubishi mrefu. Abiria mmoja alipendekeza mimi mgeni nikalie kochi, na nahodha akakataa, akasema ni la bibi harusi. Nikakaa juu ya gunia la unga.

Tukaenda vizuri kwa muda mfupi. Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna mlango mwembamba wa maji uitwao Mkanda, na boti za Pate hupita humo. Tulipofika katikati boti ilikwaruza chini, ikasogea, ikakwaruza tena, ikasimama. Nahodha akazima injini. Hakuna aliyeshtuka. Watu walifunua vikapu.

Nilitoa tableti. Ilionyesha alama ya mahali tulipo, na alama ile ilikuwa katikati ya rangi ya buluu. Nikamwonyesha mama aliyekuwa karibu yangu, Bi Maimuna, aliyekuwa akirudi kutoka kumtazama binti yake aliyejifungua. Nikamwambia kwa ramani hii hapa pana maji.

"Mai yapo, dada," akasema. "Hayayafika tu."

"Yatafika saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Lau si kochi, tungalipita mapema." Akanikatia mkate wa mofa na kipande cha samaki wa kukaanga. "Kula. Mai hayaharakishwi."

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, na tope likanuka, na jua likapanda. Goti langu la kushoto, lile mnalolijua, lilianza kuvimba kwa kukunjwa juu ya gunia. Nilikasirika na kochi, na nahodha, na bibi harusi ambaye hajanikosea kitu. Hata hivyo sikuhusisha jambo lile na kazi iliyonipeleka. Nilikuwa nimekaa juu ya mchanga ambao ramani yangu inauita bahari, na bado niliona ni habari ya boti kuchelewa.

Mtangawanda hadi Mchangani

Mwenye bodaboda aliitwa Swaleh, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu kuliko nilivyoweza kuvumilia siku ile. Alifunga begi langu mbele ya usukani, akaniuliza, "Madam, tufuate map ama tufuate barabara?"

Nikasema ni kitu kimoja.

"Sawa. Tufuate map."

Map ilitupeleka ndani ya ua wa mtu. Njia niliyoiona kwenye skrini ilikuwa imezibwa kwa fito, na nyuma ya fito kulikuwa na jiko la nje na mama akikuna nazi. Swaleh akatoa salamu kana kwamba huja pale kila siku. Mama akatueleza kwa upole kwamba njia ilihamishwa mwanawe alipojenga, ni muda sasa, na kila mtu anajua. Akatupa madafu. Swaleh alikunywa lake polepole akinitazama, jambo lililoniuma.

Tulifika Mchangani karibu saa kumi. Barabara huishia pale. Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Lali, mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa Mikandaani, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa. Ana mke Mchangani na mke Mikandaani, na kwa hiyo hakuna anayeivuka hori ile mara nyingi kumzidi. Nilimwambia nataka kuiona njia jioni ile ile, kazi iishe.

Alitazama goti langu, akatazama viatu. "Bi Njeri, wewe ni mgeni wetu. Leo pumzika. Kesho saa nne nitakuvusha vizuri."

Sikubishana. Mkewe wa pale alinipa maji ya moto ya kukanda goti, wali wa nazi na papa, na nililala kabla giza halijaingia sawasawa.

Mchangani hadi Mikandaani, saa nne asubuhi

Alhamisi saa nne kamili tulishuka ufuoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa tope na mikoko na nyoka. Nikakuta uwanja wa mchanga mgumu, mweupe, wenye mikunjo midogo, na katikati yake kijito cha maji kisichofika kwenye kifundo cha mguu. Bwana Lali alinishika mkono pale kwenye kijito ili nisilowe. Upande wa pili akanifuta mchanga kwenye kiatu kwa kitambaa chake mwenyewe, nikaona aibu.

Nilirekodi njia hatua kwa hatua. Mstari mpya ulikaa juu ya ule niliouchora Nakuru, karibu bila kupishana. Dakika ishirini na tatu kutoka shule hadi shule, na mimi ni mchechemeaji.

Niseme ukweli wangu, nilifurahi. Nilifurahi kwamba sikukosea, na nilifurahi kwamba kuna boti Mtangawanda saa nane mchana, nami naweza kuiwahi. Nilijaza fomu ya ofisi kwenye tableti pale pale chini ya ukuta wa shule. Iliuliza kama njia inapitika mwaka mzima. Nikabonyeza Ndiyo, nikabonyeza Tuma. Mtandao hakuna. Ikaandika kwamba inasubiri mtandao, itajituma yenyewe. Nikaiweka kwenye mkoba.

Shule ya Mikandaani ni vyumba vitatu na mti wa mkungu. Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti. Bi Khadija alitoka darasani na chaki mkononi, mwanamke wa umri wangu, mfupi, macho makavu ya mtu aliyeandika barua nyingi. Tukasalimiana. Alitazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vikavu.

"Umevuka saa ngapi, Bi Njeri?"

"Saa nne."

Akamgeukia Bwana Lali. "Umemvusha saa nne?"

"Mgeni, Mwalimu," akasema Bwana Lali. "Ningemvusha saa ngapi? Saa ya mai kumtosa?"

"Tumeandika barua tatu, Lali. Tatu. Wamemleta mtu mmoya, nawe ukamtandikia ndia."

Yule bwana alikunja kile kitambaa chake akakitia mfukoni. Sura yake ilimwanguka, nami nikaanza kuelewa, kidogo tu, kwamba heshima niliyofanyiwa asubuhi ile ilikuwa imewagharimu. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikasema, kwa sauti ya ofisini ambayo nyote mnaichukia, kwamba nimepita kwa miguu yangu mwenyewe, kwamba nimepima, kwamba nina picha.

Bi Khadija hakupandisha sauti. "Leo ni siku ya tatu ya mwezi, ni bamvua. Mai hutoka sana na hurudi sana. Asubuhi saa moya, wakati wa wana kwenda shule, hayayatoka. Alasiri saa kumi, wakati wa kurudi, yashajaa. Saa nne ni kavu, lakini saa nne wako darasani."

"Na siku zisizo za bamvua?"

"Siku za mai mafu hori haikauki. Kutwa ni mai ya kiuno. Yote nimeyatora kwenye ile karatasi. Hukuiona?"

Nikasema niliiona.

"Basi kaa mpaka saa kumi."

"Nina boti saa nane."

"Wana arubaini na mmoya," akasema Bi Khadija. "Wewe una boti."

Akarudi darasani. Nikabaki na Bwana Lali, naye akanipeleka kwa mkewe wa Mikandaani. Nilipewa chakula kingi, na katikati ya chakula nilitazama saa nikaona kwamba boti siiwahi tena. Sitaki mdhani nilibaki kwa dhamiri. Nilibaki kwa sababu goti lilikataa na mama yule alikuwa ameniletea mto.

Mikandaani hadi Mchangani, saa kumi alasiri

Tulishuka ufuoni sisi watatu, Bi Khadija akiwa amefunga shule. Niliposhuka kile kilima kidogo cha mchanga nilidhani tumekuja mahali pengine.

Uwanja haukuwepo. Kulikuwa na maji ya kijani kutoka miguuni mwetu hadi ng'ambo, na mikoko iliyokuwa juu kabisa asubuhi ilikuwa imezama hadi kwenye matawi. Maji yalikuwa yakienda, unayaona yakivuta majani na takataka kuelekea ndani. Ng'ambo kule niliona paa la shule ya Mchangani, karibu kabisa, kilomita moja na robo.

Mkoba wangu ukalia. Ufuo ule unapata mtandao wa Mchangani, na tableti ilikuwa imeupata. Nilikumbuka fomu. Niliitoa tableti upesi, nikaona kile kiduara kikizunguka, kinatuma, na sikujua kitufe gani kinasimamisha. Nikaizima kabisa, nikabonyeza mpaka skrini ikawa nyeusi. Bi Khadija aliniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu.

Kisha nikavua viatu.

"Si lazima uingie," akasema.

"Nataka kuingia."

Bwana Lali alikunja kikoi akanitangulia, akinishika kifundo cha mkono. Hatua kumi, maji ya magotini. Hatua kumi na tano, kiunoni, na gauni likaanza kunizunguka. Nilihesabu kwa sauti kama mjinga. Hatua ya ishirini na moja maji yalifika kifuani, na mimi ni mrefu, na hatukuwa tumefika hata robo.

"Hapa mbele ndipo mai huvuta," akasema Bwana Lali. "Mimi huvuka na mtumbwi. Saa hii hata mimi sipiti kwa miguu."

Mguu wangu mmoja ulipoteza chini. Ni kitambo kidogo sana, labda hesabu ya tatu, kisha alinivuta. Lakini katika kitambo kile nilimwona mtoto wa darasa la pili na mkoba wake kichwani, na nilimwona kwenye mstari wangu, ule mwekundu, mwembamba, ulionyooka. Niliogopa jinsi sijaogopa tangu mama yangu alipougua.

Tulirudi ufuoni. Nilikaa mchangani na maji yakinitoka. Nilipopata nguvu niliwasha tableti. Fomu ilikuwa bado kwenye foleni, haijaenda. Niliifuta, nikajaza nyingine. Inapitika mwaka mzima? Hapana. Nikaweka picha ya maji, na picha ya ule ukurasa wa daftari la hesabu wenye ramani nne, niliokuwa nao kwenye bahasha tangu Nakuru. Ramani ya kompyuta haina mahali pa kuandika siku ya mwezi, kwa hiyo niliiandika kwenye sehemu ya maoni, maneno mengi, mpaka ikakataa kupokea mengine. Mfumo ukapiga hesabu upya kwa kuzunguka nyuma ya hori. Kilomita kumi na moja. Nikatuma, nikangoja, ikaandika imepokelewa.

Nikamwonyesha Bi Khadija. Aliisoma mara mbili, akakaa chini, akajifunika uso kwa ncha ya leso. Akasema Alhamdulillahi. Bwana Lali alienda pembeni akajifanya anatazama mtumbwi wa mtu.

Wakati huo huo nilifungua maelezo ya ile picha niliyochorea, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla sijaondoka Nakuru, na kabla ya hapo, siku ile nilipochora. Ilipigwa saa nne na nusu asubuhi, siku ya bamvua. Setilaiti ile hupita saa hiyo hiyo kila inapokuja. Haijawahi kuiona hori saa kumi. Nilikuwa na picha nyingine za mahali pale zilizoonyesha maji, nazo nilizitupa kwa sababu hazikuwa safi. Mchanga ulikuwa unang'aa vizuri kwenye ile moja, ilikuwa rahisi kuchora.

"Ni nani aliyeitora ndia ile?" Bi Khadija akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Nadhani alitaka tu kujua jina la kulalamikia.

Ningeweza kusema kompyuta. Watu huamini.

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama nilivyolowa, nywele zimeanguka, mchanga mpaka masikioni. Sikumwomba radhi kwa sababu kila neno nililolifikiria lilikuwa dogo.

"Na ulitora ngapi za namna hii?" akauliza hatimaye. "Kwa picha hiyo ya saa nne?"

"Sita."

"Hii moya."

"Hii moja."

Bi Khadija akainuka. Alinipeleka kwake, akanipa gauni kavu lake lililoniishia magotini, na chai ya tangawizi, na wakati wa kula aliniwekea mnofu mkubwa wa samaki. Alikuwa mkarimu mpaka mwisho, na hakuniambia kwamba haidhuru.

Mikandaani hadi nyumbani

Ijumaa nilivuka saa tano, mchanga mkavu, na sikuweza kuitazama. Siku ile boti hazikutoka mchana kwa sababu ya sala, kwa hiyo nililala Mtangawanda kwa jamaa za Swaleh, kwenye chumba chenye mashine ya kushona na picha ya Makka. Jumamosi Lamu, Jumapili Mombasa, Jumatatu jioni Nakuru. Mkubwa wangu alinipigia nikiwa Voi, akasema orodha imefungwa, Mikandaani imetolewa, kazi nzuri. Nikasema asante. Abiria wa pembeni aliniuliza kama nimefiwa.

Jumanne nilianza kuwapigia simu walimu wa shule za zile njia nyingine tano. Watatu walikuwa hawana shida, njia zao ni nchi kavu kweli, na mmoja wao, mwalimu mzee wa Kipokomo, alishangaa kwamba kuna mtu ofisini anayepiga simu. Wa nne alisema njia hujaa maji siku mbili tatu kwa mwezi na watoto hubaki nyumbani siku hizo. Nilimwandikia marekebisho akiwa bado hewani.

Wa tano alipokea Jumatano. Ni Mwalimu Baraka, mtu wa Kitui aliyepelekwa kufundisha upande wa bara, kaskazini kabisa, kijiji ambacho sitakitaja. Nilimtajia jina la shule yake.

"Hiyo ilifungwa muhula uliopita, madam," akasema. "Ilikuwa kwenye orodha ya kwanza, ikaunganishwa. Mimi niko ng'ambo sasa."

"Na watoto?"

"Walikuwa thelathini na wanne. Wanaokuja huku ni tisa, wale wakubwa. Kuna maji katikati."

"Na wale wengine?"

"Wako nyumbani." Nilisikia darasa nyuma yake, watoto wakiitikia kitu kwa pamoja. "Kwani wewe ni wa ofisi gani?"

Nilimwambia ofisi. Nikamwambia jina langu, na kwamba njia ile inayopita majini niliichora mimi, hapa hapa nilipokaa, asubuhi moja ambayo siikumbuki hata. Nilimsikia akiwatuliza watoto. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama inaweza kufutika.

Niliifuta akiwa bado kwenye simu. Ni kubonyeza mara moja, na haikuacha doa. Nimeandika barua kwa ile ofisi ya elimu, nimeandika ya pili, nimeambiwa shule iliyokwisha kufungwa ina utaratibu wake mwingine. Watoto ishirini na watano bado wako nyumbani, na mimi ndiye niliyewaweka huko.